Likizo ya Mwaka Si Malipo ya Uonevu

Mtumishi anapolazwa kwa malaria, ni nadra mkuu wake wa kazi kumwambia ajitibu kwa siku zake za likizo ya mwaka. Lakini mtumishi huyo huyo akidhoofika kwa matusi, vitisho na dharau anazokutana nazo kazini kila siku, mara nyingi huambiwa: "Si una siku zako za likizo? Zichukue ukapumzike." Maneno hayo husikika kama huruma. Kwa kweli ni kumtoza aliyeumizwa gharama ya jeraha lake mwenyewe.

Jambo hili lawahusu wafanyakazi wa ofisi, shule, zahanati na viwanda katika Musoma, Bunda na Butiama. Lawahusu zaidi wale wanaofanya kazi visiwani, kama vile Rukuba, ambako mkuu wa kazi na mtumishi wake hukutana kazini mchana na kisimani jioni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi likizo ya mwaka yenye malipo, isiyopungua siku 28. Mbali na hiyo, inampa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha tabibu. Tena sheria hiyo inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi, au hata kumruhusu, atumie likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine anayostahili. Yafaa neno hilo "kumruhusu" lizingatiwe. Maana yake ni kwamba hata mfanyakazi akiomba hivyo kwa hofu, mwajiri hana ruhusa ya kukubali.

Sababu yake ni rahisi. Siku hizo 28 mfanyakazi amekwisha kuzitolea jasho. Ni za kuwaona wazazi, kusaidia shamba na kukaa na watoto. Aliyezimaliza akiwa mgonjwa hurudi kazini bila kupumzika, na mwaka uliobaki hana akiba.

Wako watakaosema kwamba msongo wa mawazo si ugonjwa, na kwamba wavivu watajificha humo. Hoja hiyo tusiipuuze. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, linauhesabu uchovu uliokithiri wa kazi kuwa hali itokanayo na kazi, wala si ugonjwa. Lakini sonona na wasiwasi uliopita kiasi ni magonjwa katika orodha hiyo hiyo. Kuyapambanua hayo ni kazi ya tabibu, si ya mkuu wa kazi. Yule ambaye tabibu hakumwona mgonjwa, huyo akitaka kupumzika, likizo yake ya mwaka ipo.

Hapa ndipo mtu wa kisiwani anapokwama. Aliye Musoma mjini hufika hospitali asubuhi na kurudi na cheti mchana. Aliye Rukuba hungoja chombo, na ziwa likichafuka hungoja zaidi. Sheria imeacha mlango wazi: cheti chaweza kutolewa pia na tabibu mwingine anayekubaliwa na mwajiri, na mwajiri hapaswi kumkataa bila sababu ya haki. Kwa hiyo tunawaomba wakurugenzi wa halmashauri na waajiri wengine watamke kwa maandishi kwamba cheti cha tabibu wa zahanati ya kisiwani kitapokelewa, mpaka mgonjwa atakapoweza kuvuka.

Hata hivyo, likizo peke yake haitoshi. Aliyeumwa na nyoka hatibiwi kisha akarudishwa kulala pale pale penye shimo. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, chama kilichoongozwa na Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ulikataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliushika Mwongozo huo wakawakataa mameneja waliowadharau. Na sheria ya 2004 inasema kwamba mfanyakazi akijiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, kujiuzulu huko huhesabiwa kuwa ameachishwa kazi.

Ndugu viongozi, mtumishi akileta cheti, mpeni likizo ya ugonjwa, kisha chunguzeni kilichomuuguza. Nanyi ndugu wafanyakazi, msitie sahihi fomu ya likizo ya mwaka kwa ajili ya ugonjwa mliousababishiwa na wengine. Kapimweni kwanza.