Mwembe wenu ulikuwa wodi

Leo sina habari za Bunge wala za Simba na Yanga. Nina hasira, na hasira yenyewe inahusu mwembe.

Wiki mbili zilizopita shangazi yangu alilazwa kwenye kituo kimoja cha afya huku kwetu upande wa Zinga. Sikitaji jina, maana ugonjwa huu hauko pale peke yake. Jengo ni jipya, vigae vinang'aa, manesi wana lugha nzuri. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu unaanzia mlangoni kwenda nje. Pale mbele palikuwa na mwembe mkubwa ambao nilikuwa naujua tangu nasoma shule ya msingi. Sasa ni tofali za pevingi ukuta hadi ukuta, na katikati wametengeneza duara la saruji lenye michikichi miwili ya mapambo iliyopakwa chokaa. Saa saba mchana huwezi kukanyaga zile tofali bila viatu.

Nani anakaa hapo? Mnazijua hospitali zetu. Mgonjwa mmoja ana watu watatu wanne: wa kuleta uji, wa kufua, wa kukimbilia dawa. Muda wa kuona wagonjwa ukiisha wote wanatolewa, na huko nje ndiko wanakoshinda mpaka jioni. Niliwakuta akina mama wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, chembamba kama upande wa khanga, wanasogea kila jua linaposogea. Nilimwamkia bibi mmoja, akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," kisha akanionyesha lile duara. "Hapo mimi nimemuuguza babu yako mwezi mzima chini ya mwembe. Wameukata, eti unachafua."

Unachafua! Majani!

Nikamtafuta fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi za namna hii. Hakunificha. Greda linaingia kwanza, kiwanja kinakuwa cheupe, ndipo watu wanakuja na kamba za kupimia. Mwishoni mwa makadirio kuna mstari wa mandhari ya nje, na mandhari ya nje maana yake ni pevingi. Pevingi inahesabika kwa mita za mraba na kila mita ina bei yake. Mwembe ambao tayari upo hauna mtu wa kumlipa.

Najua kuna mtu ataniambia tuache mapambo, kwanza dawa. Haya. Mwaka 1984 Mmarekani Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science kumbukumbu za wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania waliopasuliwa kuondolewa kibofu cha nyongo. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti waliruhusiwa mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Watu 46 si wengi, nakubali. Lakini dawa zinakwisha kila siku, na mwembe ulikuwa pale bure.

Au tuje karibu. Hospitali ya Butaro kule kaskazini mwa Rwanda ilifunguliwa 2011. Vitanda vimegeuzwa vitazame madirishani, na njia za kupita watu zimewekwa nje kwenye hewa ili kifua kikuu kisipate pa kukaa. Rwanda hiyo, jirani zetu hapo, si Uswisi.

Na msidhani naisema serikali peke yake. Ninyi mnaotoka Dar kununua viwanja Mapinga, Kerege mpaka huku Zinga, nawaona. Kiwanja kina miembe na mikorosho, unaikata yote, unazungusha ukuta, unamwaga pevingi, halafu unasimamisha gari barabarani kununua miche ya miashoki. Mwashoki unakwenda juu kama mkuki, kivuli chake kinamtosha kuku. Kisha unapanda ukoka unaotaka maji asubuhi na jioni. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua mpaka Dar ikapewa maji kwa mgawo. Mmeshasahau? Mvua nazo zikija kama zile za El Niño mwishoni mwa 2023, maji ya uwanja wako hayana pa kuzama, yanakwenda kwa jirani wa bondeni mwenye nyumba ya udongo.

Bibi yangu hakusoma usanifu wa mandhari popote. Nyumba yake ina baraza mbele, mwarobaini unaotia kivuli baraza hilo, mchanga unaofagiliwa kila alfajiri, na migomba nyuma ya bafu inayokunywa maji ya kuogea. Hajawahi kumwagilia kitu. Alipougua miguu alitandikiwa mkeka pale pale barazani, anaona wapita njia, anasalimiwa, anagombana na wauza samaki. Ukimfungia chumbani mzee yule, hamalizi mwezi.

Kuhusu nyoka: nyoka wanapenda vichaka na malundo ya kifusi, si uwanja uliofagiliwa chini ya mti. Mizizi kupasua ukuta ni kweli, kwa hiyo jenga mbali kidogo na mwembe, kiwanja si ni chako?

Wataalamu tunao. Chuo Kikuu Ardhi kinatoa shahada ya usanifu wa mandhari. Halmashauri ikimwita mmoja wao kwa siku moja tu, kabla ya greda, apite na ramani na ndoo ya chokaa, aizungushie alama miti inayobaki, hilo ni jambo la kutafutiwa mfadhili?

Shangazi ameruhusiwa Alhamisi. Jumamosi nikarudi pale na miche mitatu ya mwarobaini na jembe la kuazima. Mlinzi akaniambia, "Mdogo wangu, hapa hakuna pa kuchimba, na ukitaka kung'oa tofali lete barua." Barua nimeipeleka jana. Miche iko uani kwa bibi, ndani ya makopo, na mmoja tayari mbuzi ameuonja.