Alionja Pulsar, Akarudi kwa Boxer Yake: Siti ya Nyuma Ndiyo Yenye Maneno

Kijiweni Ilagala stori bado haijapoa. Dereva mmoja wa bodaboda, jina kapuni, alipewa Pulsar NS200 aiendeshe wiki nzima, na siku ya tano akairudisha kwa mwenyewe. Wenzake wanamwita muoga. Wengine wanasema kazeeka kabla ya wakati. Wanakosea, tena wanakosea vibaya.

Chombo kilikuja na binamu yake kutoka Dar. Chekundu, tanki limejaa kifua, siti zimekatwa mbili na ya nyuma imenyanyuka juu kama mkia wa jogoo. Makubaliano yalikuwa haya: aijaribu, akiipenda atoe Boxer yake na kuongeza milioni moja na laki mbili. Hela hiyo alikuwa nayo. Ilikuwa ya bati. Nyumba yake imeishia kwenye renta tangu mwaka juzi, na watoto wanalala kwa bibi yao.

Siku ya kwanza hakuna cha kubishana, ilikuwa raha tupu. Alikwenda mpaka Kigoma mjini, akaitafuta lami ya kwenda Mwandiga, akavuta mafuta. Gia sita, sisi 200 kasoro kidogo, injini inapozwa kwa maji. Anayesema hiyo sio raha hajawahi kuipanda. Boxer ina sisi 150 kasoro, inapozwa kwa upepo, na mlio wake kila mtoto wa Ilagala anaujua akiwa usingizini. Aliporudi jioni watoto walikimbilia barabarani kushangaa. Yake huwa hawainulii hata kichwa.

Kesho yake ikaja kazi.

Mteja wa kwanza alikuwa mama wa mawese, mteja wake wa miaka yote. Dumu la lita 20, kikapu cha migebuka na kitenge kilichobana. Mama huyu hupanda upande, miguu yote kushoto, mkono mmoja kwenye keria, na hivyo ndivyo wanavyopanda mama zetu wengi. Akaizunguka ile Pulsar.

"Mwanangu, hapa napandaje?"

"Shika bega langu mama, uvushe mguu."

"Kwa kitenge hiki? Na dumu nalo livushe mguu?"

Akacheka, akaenda kwa boda mwingine. Mpaka jua linazama wateja watatu walikuwa wameondoka hivyo hivyo, na hakuna aliyeisema vibaya pikipiki. Wote waliisifia, kisha wakapanda nyingine.

Hapa ndipo wanaomcheka wanapopotea. Pikipiki wanaiangalia kwa macho ya dereva: usukani, tanki, spidi. Lakini bodaboda hailishwi na siti ya mbele. Ile siti ndefu ya Boxer, bapa kama benchi la mgahawa, ambayo vijana wanasema imepitwa na wakati, ndiyo duka lenyewe. Keria iliyochomelewa nyuma ndiyo rafu za duka. Ukiiondoa, umebaki na mtu mmoja anayejitembeza mwenyewe kwa petroli ya kununua.

Barabara nayo ilisema yake. Kutoka kivuko cha Malagarasi kushuka upande wa Sunuka kuna mchanga, halafu mvua ikinyesha kuna utelezi. Pulsar inamlaza dereva mbele, uzito unakuja kwenye viganja, na tairi zake pana za lami zinateleza kwenye tope. Alirudi mikono inauma. Fundi wa kijiweni aliichungulia injini, akahesabu plagi tatu, akaona na rejeta, akakaa chini kwanza. Haikuwa imeharibika, ila ikiharibika kila kitu ni cha kuagiza. Plagi na waya wa klachi wa Boxer vinauzwa duka moja na chumvi na sabuni.

Kilichomaliza mjadala kilitokea usiku wa nne. Jirani aligonga mlango, mama yake kazidiwa, apelekwe kituo cha afya. Sheria inasema abiria mmoja, na ni sheria nzuri, lakini bibi asiyeweza kujishika lazima awepo wa kumshika nyuma. Siku zote kazi hiyo aliifanya yeye na Boxer yake, dereva, mgonjwa na msaidizi kwenye siti moja, mwendo wa pole. Usiku ule Boxer ilikuwa kwa binamu, naye ikabidi akimbie kwa miguu kumwamsha boda mwingine. Bibi alifika na akapona. Ila jamaa hajasahau zile dakika alizosimama uani na pikipiki ya bei mbaya isiyoweza kumbeba mama wa jirani.

Asubuhi akairudisha.

Kijana asiye na familia, anayezunguka lami ya Mwanga na Ujiji na abiria wa suruali, achukue Pulsar yake, hana dhambi. Tena huyu wa Ilagala hajutii kuijaribu. Ni baada ya siku nne za kuinama ndipo alipogundua kwamba kwenye Boxer anakaa mgongo wima kuanzia alfajiri mpaka usiku bila kuuma popote, kitu alichokuwa nacho miaka yote bila kukiona. Ameinunulia kava jipya la siti. Anaiosha ziwani kila Jumapili, jambo ambalo mkewe anasema hakuliona tangu ilipokuwa mpya.

Na ile milioni moja na laki mbili? Wiki iliyopita bati za geji 30 zilipita kijiweni juu ya keria ya Boxer, safari tatu, na wale wale waliokuwa wanamwita muoga ndio walioshika ncha zisipeperuke.