MAONI YETU: FEDHA YA UMMA, JUKWAA LA NANI?

Ndugu wanachama,

Kila mwezi kodi hukatwa katika mshahara wetu kabla hatujaushika mkononi. Fedha hiyo hujenga barabara na shule, na sehemu yake ndogo huenda kwa sanaa: michezo ya kuigiza, ngoma, nyimbo na picha. Wako watakaouliza, hayo yahusu nini chama cha wafanya kazi? Yatuhusu, kwa sababu fedha ni yetu, na mchezaji wa jukwaani hula jasho lake kama mpakiaji wa bandarini.

Tutazame Kenya National Theatre, Nairobi. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa. Lilipewa jina la taifa, lakini kwa miaka mingi jukwaa lake lilitawaliwa na michezo ya Wazungu, kwa Kiingereza, mbele ya Wazungu. Mwaka 1963 tukapata Uhuru. Bendera ikabadilika, jukwaa likakawia.

Mwaka 1976, miaka 13 baada ya Uhuru, Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo walileta mchezo wao juu ya Dedan Kimathi. Walitaka jukwaa mwezi wa Oktoba, mwezi wa kuwakumbuka mashujaa. Wakapewa siku chache tu, zilizobanwa katikati ya michezo ya wageni. Hata hivyo watu walikuja, jumba likajaa.

Wakati huo hapakuwa na sheria ya kumzuia Mwafrika. Ubaguzi wa rangi uliozeeka hauhitaji kibao mlangoni. Watosha kwamba wenye zamu za zamani waendelea na zamu zao. Ndiyo maana hatukubali wale wasemao, "Apewe aliye bora, rangi isitajwe." Aliyelishika jukwaa miaka 20 ataonekana bora. Aliyefungiwa nje atajifunzia wapi?

Mwaka 1977 wafanya kazi na wakulima wa Kamiriithu, Limuru, walijibu kwa vitendo. Walijenga jukwaa lao kwa mikono yao, wakacheza kwa Kikuyu mchezo juu ya ardhi na mishahara duni. Watu walimiminika. Mwezi wa Novemba Serikali iliondoa kibali, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngugi akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 polisi walibomoa jukwaa lenyewe.

Hapa pana mafundisho mawili. Fedha ya umma ikitolewa bila masharti ya haki, humwendea aliye na ufunguo tayari. Na ikitolewa kwa sharti la kunyamaza, hiyo ni hatamu.

Katiba ya mwaka 2010 yasema utamaduni ni msingi wa taifa, na yakataza ubaguzi wa rangi. Basi twadai haya:

Kwanza, kila ruzuku ya sanaa itangazwe: nani amepewa, kiasi gani, na kwa kazi gani.

Pili, watangulizwe wale wanaofundisha na kuajiri waliofungiwa nje, wanaocheza kwa Kiswahili na lugha zetu, na wanaofungua mlango kwa rangi zote. Hatutaki kubadilisha bwana wa rangi moja kwa bwana wa rangi nyingine.

Tatu, anayepokea fedha ya umma alipe mishahara ya haki, kwa mchezaji, kwa mshona nguo na kwa mfagiaji wa jumba.

Nne, pasiwe na ruzuku ya kumfunga mtu mdomo.

Tano, wafanya kazi wawe na viti katika kamati za kugawa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Ndugu, jambo hili lizungumzwe katika kila tawi. Mbunge akija kuomba kura, aulizwe: fedha yetu ya sanaa yamfungulia nani mlango?

Umoja ni nguvu.