Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Neno kutunza lina maana mbili: kumpa mtu zawadi, na kumhifadhi asipotee. Zawadi twazitoa, tena kwa vigelegele. Leo tunapenda kuwauliza wananchi wenzetu, wa visiwani Ukerewe na Ukara na wa huku kwetu Simiyu, pamoja na viongozi waliokabidhiwa dhamana ya michezo: wachezaji wetu tunawahifadhi wapi?

Swali hili limeletwa na kitu kidogo. Kijana mmoja wa Nkoma afanyaye kazi Mwanza alitutolea kutoka katika pochi yake kadi ya karatasi ngumu, ukubwa wake kama karata. Mbele ina picha ya Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza katika NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Nyuma yameandikwa maelezo yake ya uchezaji. Wamarekani huchapa kadi kama hizo kila msimu, na wako wazee wanaozikusanya tangu utotoni, wakizitunza kama hati za mashamba.

Kijana huyo alisema kuwa gharama ya kuisafirisha ilizidi bei ya kadi yenyewe. Hatukushangaa. Mwezi Juni 2009 Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya, akaingia timu ya Memphis Grizzlies. Stephen Curry alichaguliwa wa saba usiku huo huo. Mwaka 2021 kadi moja ya Curry ya msimu ule iliuzwa kwa mamilioni ya dola. Thabeet hakudumu katika ligi ile, na soko halina huruma kwa asiyedumu. Huo ni uamuzi wa wenye soko, wala hatuna ugomvi nao. Lakini bei ni jambo moja, na thamani ni jambo jingine.

Sisi tuliosoma shule ya msingi Nkoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati huo ikiwa ndani ya Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga, tunaujua mchezo huu kwa njia yetu. Tulipotoka chuoni kusoma Kurani alasiri, tulikimbilia milingoti ya mpira wa pete waliyowekewa wasichana. Haikuwa na ubao nyuma ya pete, basi ilitubidi kulenga kwa jicho tu. Mpira wetu ulikuwa wa miguu, uliochakaa. Kiangazi ulizama katika vumbi, masika ulinaswa na udongo mweusi wa mbuga. Wasichana walipodai uwanja wao tuliwapisha, kwani haki ilikuwa yao. Picha za wanamichezo tulizikata katika magazeti ya Uhuru na Mzalendo, tukazibandika kwa uji katika madaftari. Mchwa waliyala yote.

Mwaka jana tulimzika mmoja wa wenzetu wa timu ile. Baada ya dua, mwanawe alituuliza kama ipo picha ya baba yake akiwa na mpira mkononi. Haikuwapo. Hata orodha ya majina haikuwapo. Kosa hilo si la mtu mwingine. Ni letu sisi tuliocheza naye.

Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya starehe, na kwamba kijiji kinahitaji maji na zahanati kwanza. Ni kweli vinahitajika, na tutaendelea kuvidai. Lakini kuandika majina kumi na mawili katika daftari hakupunguzi hata ndoo moja ya maji. Suleiman Nyambui na Filbert Bayi walileta medali mbili za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, na hadi Michezo ya Paris ya 2024 taifa letu halikuwa limepata medali nyingine ya Olimpiki. Ni watoto wangapi wanaozijua sura zao?

Ndugu zetu wa Ukerewe wana mfano bora kuliko kadi yoyote. Mzee Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya yenye maisha na desturi za watu wake mwaka 1945. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Alisubiri miaka thelathini na mitano, lakini kwa kuwa aliandika, visiwa vile havikupotea.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kila shule iweke daftari la michezo, lenye picha na majina ya kila timu kwa kila mwaka, wavulana na wasichana. Maofisa michezo wa wilaya wahifadhi nakala kila yafanyikapo mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na daftari hilo likaguliwe kama yakaguliwavyo mahesabu ya shule. Wazee walio na picha sandukuni wazitoe zinakiliwe kabla mchwa hawajazifikia.

Kadi ya Thabeet imechapwa na wageni, nasi tunawashukuru. Lakini yule mtoto wa Nkoma aliyeuliza picha ya baba yake hawezi kuiagiza Marekani. Jibu lake lilipaswa kuwa hapa.