Tiba ya Dharura Ipimwe Nyumbani
Miongozo ya nchi tajiri iliagiza kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono ya baridi na mapigo hafifu amiminiwe maji mengi ya dripu upesi. Nani angebisha? Watafiti wa jaribio la kitabibu lililoitwa FEAST walibisha. Katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda, zikiwemo za Kilifi, Muheza na Mbale, waliwalinganisha watoto 3,141. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine: waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa takribani 10 au 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, wasiomiminiwa, 7. Wenye kuharisha hawakuhusishwa, kwani hao maji ni uhai wao. Wakosoaji walisema hospitali hizo hazikuwa na mashine za kupumulia. Ndiyo hoja yenyewe: tiba ya wagonjwa mahututi hupimwa katika wodi itakamotumika. Kuuliza si ujinga. Wizara zetu zinaponunua vitanda vya ICU, zitenge pia fungu la utafiti. Bila hilo tutaendelea kutibu kwa kukisia.