Wapambe wasitutenge na viongozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu hawa ndugu zetu wanaowazunguka viongozi, ambao tumezoea kuwaita wapambe na siku hizi vijana wanawaita chawa.

Kiongozi hawezi kufanya kazi peke yake. Lakini msaidizi ni mmoja, na mpambe ni mwingine. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili aimarishe TANU. Mzee Rashidi Kawawa akashika kiti hicho. Desemba mwaka huo huo Mwalimu alipokuwa Rais, Mzee Kawawa akawa Makamu wake bila kinyongo. Januari 1964 askari walipoasi, mlinzi wake, Ndugu Peter Bwimbo, aliwavusha wote wawili hadi Kigamboni. Naye Bibi Joan Wicken, Mwingereza, alikuwa msaidizi wa Mwalimu kwa zaidi ya miaka 30, lakini ni wananchi wangapi walioijua sura yake? Hao walikuwa wasaidizi.

Mpambe kazi yake ni kusifu. Kiongozi akikohoa, yeye anapiga makofi. Kiongozi mmoja alipotembelea kijiji chetu, tuliandika katika risala kwamba pampu ya kisima imeharibika. Wapambe wakaifuta sentensi hiyo wakisema itamuudhi mgeni. Tukacheza ngoma, msafara ukaondoka, na kina mama wanaendelea kuchota maji mtoni. Pengine mpaka leo mheshimiwa anaamini kuwa maji tunayo.

Je, tuwalaumu wapambe peke yao? Hapana. Wao wanatafuta cheo, tenda au posho, na kiongozi akianguka ndio wa kwanza kuhamia kwa mwingine. Anayewalea ni kiongozi apendaye sifa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi majivuno na dharau kwa sababu hiyo hiyo: anayejiona mkubwa hasikii.

Nashauri viongozi wanapofika vijijini waanze na maswali ya wananchi, ngoma na risala zifuate baadaye. Swali la mwananchi aliyesimama mwenyewe mpambe hawezi kulifuta.

Msemakweli,
Kilosa, Morogoro.