Mashine nayo yaweza kuwa na dharau

Mama mmoja wa makamo alisimama mbele yangu katika kibanda cha wakala wa fedha za simu. Alitaka kumpelekea mwanawe ada ya shule. Aliibonyeza simu yake ndogo polepole, huku akizisoma tarakimu moja moja kutoka kwenye kipande cha karatasi. Kabla hajafika mwisho, kioo kikamwambia kwamba muda umekwisha. Akaanza upya, na muda ukaisha tena. Mara ya tatu akampa simu kijana wa kibandani na, kwa sauti ambayo sote tuliokuwa kwenye foleni tuliisikia, akamtajia namba yake ya siri.

Kijana yule alikuwa mwaminifu na fedha zilifika. Lakini hakuna aliyeshangaa, na hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa. Tumekwisha kuzoea kwamba mtu mzima aliyelima, akavuna na akauza mazao yake, hana budi kuikabidhi siri ya mkoba wake kwa asiyemjua kwa sababu vidole vyake si vyepesi. Ukiuliza, wataalamu watakujibu kwamba wananchi hawajaelimika vya kutosha. Jibu hilo ni rahisi mno, na kwa maoni yangu si la haki.

Hapana shaka kwamba huduma hizi zimeleta faida kubwa. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, mkulima aliye mbali na benki ameweza kupokea fedha zake siku hiyo hiyo. Ninalolisema hapa linahusu ile sehemu ya mashine inayokutana na macho na vidole vya mtumiaji, ambayo wataalamu wetu wa lugha wameiita kiolesura. Mara nyingi sehemu hiyo hubuniwa kwa kubahatisha, au kwa kuiga ya wengine, kisha mwananchi akalazimishwa kuizoea.

Ipo njia nyingine. Mwaka 1946, katika mji wa Baku uliokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, kijana aitwaye Genrich Altshuller, aliyezaliwa Tashkent mwaka 1926, alianza kujiuliza kama uvumbuzi ni kipaji cha watu wachache au ni kazi yenye kanuni. Akiwa mtumishi katika ofisi ya uvumbuzi ya jeshi la majini, alipitia maelfu ya hati za wavumbuzi. Aligundua kwamba ufumbuzi ulio bora haukutokana na bahati. Kila mara mvumbuzi alikuwa amekutana na ukinzani, yaani sharti moja linalodai jambo na sharti jingine linalodai kinyume chake, naye akakataa kuridhika na nusu ya hili na nusu ya lile. Alitafuta namna ya kuyatimiza yote mawili. Kutokana na uchunguzi huo Altshuller alikusanya kanuni 40 za uvumbuzi, na elimu hiyo leo hujulikana ulimwenguni kwa jina la TRIZ.

Yafaa tukumbuke pia yaliyompata. Mwaka 1948 alimwandikia Stalin barua akieleza jinsi uvumbuzi ulivyokuwa umezorota nchini mwao. Mwaka 1950 alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 na kupelekwa katika kambi za Vorkuta. Aliachiwa mwaka 1954, baada ya Stalin kufariki dunia, na mwaka 1956 yeye na mwenzake Rafael Shapiro wakachapisha makala yao ya kwanza juu ya elimu hiyo. Dola iliyojigamba kuwa ni ya wafanyakazi ilimfunga mtu kwa kosa la kuiambia kwamba vitu vyake havifanyi kazi vizuri. Sisi tunaoshika kalamu katika magazeti ya Chama tunapaswa kulitafakari jambo hilo bila ya kuona haya.

Kanuni hizo zilizaliwa katika vyuma na mitambo, lakini zinaingia katika kioo cha simu pia. Mwaka 2007, Steve Jobs alipoionyesha simu ya iPhone kwa mara ya kwanza, alieleza tatizo la simu za wakati ule: vitufe vyake vilikuwa vya plastiki, na vilikaa palepale kama vinahitajika ama havihitajiki. Huo ni ukinzani kamili. Vitufe lazima viwepo ili mtu aandike, na lazima visiwepo ili kioo kiwe kikubwa. Ufumbuzi ulikuwa kuyatenganisha masharti hayo kwa wakati, yaani vitufe vijichore juu ya kioo vinapohitajika na vitoweke kazi inapokwisha. Sisemi kwamba wabunifu wale walikuwa na kitabu cha Altshuller mezani. Nasema njia waliyoipita ilikuwa imekwisha kuchorwa, na kila mbunifu aweza kufundishwa kuipita.

Tazama vilevile mashine za benki za kutolea fedha. Mteja aliyekwisha kupata fedha huondoka akiwa na furaha, kadi yake akaisahau. Ingewezekana kubandika tangazo la kumkaripia. Mashine nyingi, badala yake, humrudishia kadi kwanza, ndipo zikatoa fedha. Kwa kubadili mpangilio tu, bila ya kuongeza chombo chochote, kosa limezibwa kabla halijatokea.

Sasa turudi kwa yule mama. Huduma ya fedha katika simu ndogo hupita katika ujumbe mfupi usiozidi herufi 182 kwa mara moja, na mawasiliano hayo hukatwa muda fulani ukipita. Muda huo una sababu zake: njia za mtandao zisishikiliwe bure, na simu iliyoachwa wazi isichezewe na mwizi. Kwa hiyo muda lazima uwe mfupi. Lakini mtu asomaye polepole anahitaji muda mrefu. Mbunifu mvivu atachagua muda wa katikati, na wote wawili wataumia. Mbunifu mwenye kanuni atauliza ni kitu gani hasa kinachopaswa kufa muda unapokwisha. Mawasiliano yakatike, sawa. Namba ya siri idaiwe upya, sawa. Lakini namba ya mpokeaji na kiasi cha fedha, ambavyo mama amekwisha kuviandika kwa taabu, kwa nini navyo vifutwe? Mtambo ulioko makao makuu ungeweza kuvihifadhi kwa dakika chache, na mama akirudi, aulizwe kama anataka kuendelea pale alipoishia. Simu yake ndogo haihitaji kubadilishwa, na siri yake ingebaki kuwa yake.

Jambo la namna hiyo halihitaji mabilioni. Linahitaji mtu aliyefundishwa kuutaja ukinzani kwa jina na kukataa kuukwepa.

Hata hivyo, tusiigeuze elimu hii kuwa hirizi. Altshuller alichunguza zaidi mashine na malighafi, na chuma hakioni haya mbele ya foleni. Mbunifu aliyekaa ofisini na orodha ya kanuni 40 bado hatajua kwamba mama yule alikuwa anasoma kutoka kwenye karatasi. Atalijua hilo kwa kwenda kibandani na kusimama nyuma yake. Kanuni hutatua ukinzani uliokwisha kuonekana, na wa kutuonyesha ukinzani ni wananchi wenyewe.

Mwaka 1970 Taifa letu liliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na tulikuwa na haki ya kumtaka kila mzee ajifunze kusoma. Deni hilo lina upande wa pili. Mwananchi akijitahidi kuifikia mashine, mashine nayo haina budi kupiga hatua kumfikia. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi dhidi ya majivuno na dharau. Waliouandika walikuwa wanawafikiria watu wenye vyeo, lakini mashine inayomfutia mtu kazi yake bila ya maelezo inatenda vilevile kama karani anayemfungia dirisha usoni.

Basi vyuo vyetu vinavyofundisha elimu ya kompyuta viwafundishe vijana kanuni za uvumbuzi, na si lugha za kuandikia programu peke yake. Na kila idara au kampuni, kabla ya kuwafungulia wananchi huduma mpya, ikae na watu kumi wa kawaida, wakiwemo wazee, iwatazame wakiitumia bila ya kuwasaidia. Pale watakapokwama, iandike ukinzani uliowakwamisha, na isifungue milango mpaka imeutatua.

Mama yule atarudi kibandani muhula ujao. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba safari hiyo hatalazimika kutamka siri yake mbele ya foleni.